Bonyeza kitambi kabla hujamwagilia

Mwezi wa pili mwaka huu mzee mmoja mstaafu alishuka kwenye bajaji mbele ya kitalu changu hapa Dodoma, chungu kakipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mgonjwa wako."

Mgonjwa mwenyewe ni waridi la jangwani nililomuuzia Septemba ya mwaka jana, wakati huo lina maua kumi na kitu. Sasa lilibakiwa na majani matatu ya njano, na ncha za matawi zimesinyaa. Nikaweka dole gumba kwenye kitambi, yaani lile shina nene la chini linalohifadhi maji. Likazama, kama umebonyeza embe lililolala sokoni siku tano. Nikachokora udongo kwa kijiti: tope tupu, na harufu ya mtaro.

"Unalimwagilia mara ngapi, mzee?"

"Kila asubuhi. Jua likiwa kali, na jioni. Si ua la jangwani hili? Litakuwa na kiu."

Sikucheka, maana wiki hiyohiyo dada mmoja alikuwa amenilalamikia kinyume chake. La kwake analiweka sebuleni pembeni ya televisheni, analipa kikombe kimoja cha maji kwa mwezi, na mwaka wa pili huu halijatoa ua hata moja. Naye sababu yake ni hiyohiyo: "Si la jangwani? Halihitaji maji." Jina moja limewapoteza wawili, kila mmoja na njia yake.

Kwanza, si waridi. Ni la ukoo mmoja na oleanda, alamanda na franjipani. Kitaalamu ni Adenium obesum, na neno la pili ni Kilatini, maana yake "nene". Aliyelipa sifa hiyo ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule bingwa wa mimea wa Uswidi; Forsskål alilikuta Yemen akiwa kwenye msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Alifia hukohuko Yemen mwaka 1763, na kitabu chake cha mimea kikatolewa mwaka 1775 na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr. Jina Adenium lilikuja baadaye, kutokana na Aden. Kwetu kitaluni hatuna Kilatini. Tunasema kitambi, na kila mteja anaelewa hapohapo.

Pili, lenyewe ni mwenyeji wetu. Linaota porini kuanzia Senegali, linapita ukanda wote ulio chini ya Sahara mpaka Somalia, Kenya na Tanzania, kisha linavuka bahari kwenda Yemen na Oman. Ndugu zetu wa Salalah, kule Oman, wakipanda milima ya Dhofar watalikuta mawe yamelikumbatia. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi wakati wa kiangazi, maeneo ya Tsavo, angalia vichaka vya kijivu visivyo na jani hata moja: ghafla unaona maua ya rangi ya waridi iliyokolea yamebandikwa kwenye matawi makavu kama mapambo ya harusi.

Hapo ndipo siri yake ilipo. Mvua ya nyika inapokuja, mmea huu unakunywa kwa pupa, unajaza kitambi na kutoa majani. Mvua ikikata unapukutisha majani na kuishi kwa akiba. Kwa hiyo ni mnywaji mkubwa sana, ila ana msimu wake, na maji yenyewe lazima yapite. Huko porini mizizi imekaa kwenye mchanga na nyufa za mawe. Mvua ikinyesha saa mbili, baada ya nusu saa pamekauka. Chungu cha mzee kilikuwa na tundu moja chini, nalo limezibwa na kisahani alichoweka asichafue baraza.

Udongo ndio nusu ya kazi. Udongo wetu mwekundu wa Dodoma ni mzuri kwa mtama na zabibu, lakini ukiuweka kwenye chungu unaganda kama sakafu, na Januari unashika maji kama sufuria. Nayajua haya kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche sitini kwenye viriba kwa udongo huohuo, nikachanganya na samadi nyingi nikijiona fundi. Mvua za Januari zilipokolea, arobaini na moja ikaoza chini kwa chini huku majani bado ya kijani. Ilikuwa inang'oka kwa vidole viwili.

Siku hizi nachanganya ndoo mbili za mchanga mnene wa korongoni, ndoo moja ya samadi iliyooza hasa (isiyonuka tena), na ndoo moja ya mkaa uliopondwa kwa ukubwa wa punje za mahindi. Mchanga nauosha kwanza mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu ule unga laini ndio unaoziba. Kipimo ni rahisi: jaza chungu, mimina kikombe cha maji juu. Yakisimama na kukutazama, ongeza mchanga. Kopo la rangi la lita 4 linafaa sana, litoboe matundu sita kwa msumari uliopashwa moto. Lakini kama una uwezo nunua chungu cha udongo, kipana kuliko kina; kinapumua, na hakipikwi na jua la saa nane kama kopo jeusi. Ukitaka kulipanda ardhini, jaza mchanganyiko huohuo uwe tuta lenye kimo cha goti, na lisiwe chini ya mkondo wa maji ya bati.

Kuhusu kumwagilia watu wanataka nitaje siku. Sitaji, nawaambia wabonyeze. Kitambi kikiwa kigumu kama kiazi kibichi, ondoka, nenda kafanye mengine. Kikiwa kinabonyea kidogo na udongo umekauka mpaka kifundo cha pili cha kidole, hiyo ni kiu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, siyo kulilambisha. Kikibonyea na udongo ni mbichi, usiguse jagi. Ung'oe mmea leo hii, maana unaoza.

Kwa hali ya hewa yetu hapa, Oktoba na Novemba, joto likiwa kali na majani yamejaa, vyungu vyangu vinataka maji kila baada ya siku tatu au nne. Mvua zikianza Desemba navisogeza chini ya upenu. Juni na Julai, upepo wa baridi ukivuma, majani hupukutika na watu hunipigia simu wamechanganyikiwa. Limelala tu. Maji mara moja kwa wiki mbili au tatu yanatosha. Walioko Nairobi, Mbeya au Njombe walisogeze kwenye ukuta unaopigwa na jua; usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 linaumia.

Yule mgonjwa nilimpasua mbele ya mwenyewe. Nililing'oa, nikaosha mizizi. Mzizi mkuu ukabaki mkononi kama uji. Nikafuta kisu kwa spiriti na kuanza kukata vipande vyembamba, kama unakatia kachumbari. Cha kwanza kahawia. Cha tatu njano, na pete nyeusi. Cha sita kikawa cheupe safi kama muhogo, ila kulikuwa na doa moja dogo ukubwa wa kichwa cha pini. Mzee akasema, "Basi, acha, usilimalize." Doa hilo ukiliacha utarudi baada ya wiki mbili kukata tena, na safari hiyo hakuna cha kukata. Nikaendelea vipande viwili zaidi. Nikapaka unga wa mdalasini kwenye kidonda (dawa ya ukungu ya unga nayo ni sawa), nikapunguza matawi, nikalilaza kivulini juu ya gazeti siku kumi na mbili bila udongo wala tone la maji. Baadaye nikalipanda kwenye mchanganyiko mkavu na kusubiri wiki nyingine. Aprili likatoa majani. Kitambi kina pengo upande mmoja, kama pera lililomegwa, na mzee sasa analionea fahari.

Kwa yule dada, shida ilikuwa jua. Sebuleni halitachanua hata ukiliimbia. Linataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku au zaidi. Tena achana na mbolea ya urea: utapata matawi marefu yenye majani ya kung'aa na hutaona ua. Mimi naweka mbolea ya NPK nusu kijiko cha chai kwa chungu, mara moja kwa mwezi wakati wa joto tu, udongo ukiwa tayari umeloa. Na pogoa. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukikata ncha moja zikachipua tatu, umejizidishia nafasi za maua. Mimi nakata mwishoni mwa Agosti.

Ukipogoa vaa glavu, au nawa kwa sabuni kabla hujagusa jicho. Utomvu wake ni sumu inayopiga moyo. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wanauchemsha mpaka unakuwa mzito na kuupaka kwenye mishale ya kuwindia. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi anayezurura, weka chungu juu.

Ila yuko asiyeijali sumu hiyo: kiwavi wa nondo wa oleanda. Ni mnene kama kidole cha shahada, wa kijani, karibu na kichwa ana madoa mawili ya buluu yenye weupe katikati, ukimgusa anayatanua kama macho ya mtu aliyekasirika. Unalala mmea una majani, unaamka ni fimbo. Sinyunyizi dawa, natoka na tochi usiku, natafuta vinyesi vyake vyeusi chini ya chungu, naangalia juu yake, namtoa kwa mkono. Vidung'ata na vidukari vya njano navifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Watu huniuliza pia juu ya mbegu za mawaridi ya jangwani ya buluu zinazouzwa mtandaoni. Niliwahi kuagiza pakiti, niseme ukweli. Zikaota, na zilichokuwa hata leo sijui, lakini kitambi hakuna. Rangi ya buluu haipo kwenye mmea huu. Ipo kwenye picha. Hata mbegu halali za maua ya tabaka mbili hazifuati mama yake sawasawa, ndiyo maana yale yanayotoka Thailand na Taiwan yamebebeshwa, kama tunavyobebesha maembe. Na usiende kuchimba porini. Mti wenye kitambi cha kukaliwa umekula miaka mingi kufika hapo, ukiung'oa na mizizi nusu utakufa barazani kwako.

Mbegu nzuri ni mbichi. Tunda hutoka kama pembe mbili za mbuzi zilizotazamana, na likipasuka mbegu huruka, kila moja ina manyoya pande zote mbili. Hapa kitaluni pembe nne zimeanza kubadilika rangi, nimezifunga kwa vipande vya chandarua kikuukuu. Nitazilaza mchangani mwanzoni mwa Oktoba, nizifukie kidogo tu. Zikiwa mbichi na joto lipo, ndani ya wiki zinachomoza. Anayetaka miche aje baada ya Pasaka, na chungu chake, chenye matundu.