Alama za juu hazitoshi: dhana potofu kuhusu wakufunzi wasaidizi

Kila muhula unapokaribia, orodha ya waombaji wa nafasi za ukufunzi msaidizi chuoni huwekwa mezani, na kila mara kuna anayetaka ipangwe kwa wastani wa alama tu, wa juu awe wa kwanza. Nimekaa katika vikao hivyo kwa miaka kadhaa, na naamini hapo ndipo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapoanza kudhulumiwa. Katika ukumbi wa mhadhara wenye mamia ya watu, wachache sana huthubutu kusema "sijaelewa". Husema kwenye semina, na anayewasikiliza huko si profesa bali mkufunzi msaidizi, mara nyingi mwanafunzi wa uzamili.

"Aliyefaulu sana atafundisha vizuri"

Asiyelijua somo asipewe darasa. Hilo halina ubishi. Lakini kulijua kunaweza kumfunga mtu macho asione mwenzake amekwama wapi. Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaambia watu wagonge mezani mapigo ya nyimbo maarufu, wenzao wasikilize na kuzitaja. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani mwake, ila msikilizaji anapata ko-ko-ko tu. Mkufunzi anayeruka hatua mbili ubaoni na kusema "hapo ni wazi" yuko katika hali hiyohiyo.

Kwa hiyo mwombaji aonekane akifundisha. Dakika kumi zinatosha. Safari moja tuliwapa waombaji kazi ya mwanafunzi aliyepewa mlinganyo x² = 3x, akagawanya pande zote kwa x na kuandika x = 3, hivyo akalipoteza jibu la sifuri. Mwombaji mwenye alama za juu kuliko wote alifuta kila kitu, akaandika suluhisho lake kwa mwandiko safi. Aliyemfuata hakufuta chochote. Aliuliza, "Ukiweka sifuri mahali pa x, pande mbili zinakuwaje?" Kisha akanyamaza. Mwenzetu aliyekuwa anaigiza mwanafunzi akajaribu, akaliona kosa mwenyewe. Tulimchukua huyo wa pili.

"Mtafiti hodari ni mwalimu hodari"

John Hattie na Herbert Marsh walikusanya tafiti 58 kuhusu jambo hili mwaka 1996. Uhusiano walioupata kati ya ubora wa utafiti na ubora wa ufundishaji ulikuwa 0.06, karibu na sifuri, kwa kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili. Wapo pia wanaohofia kwamba kufundisha kutamharibia mwanafunzi wa uzamili utafiti wake. Utafiti wa David Feldon na wenzake uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kinyume: waliofundisha huku wakitafiti waliimarika zaidi katika kutunga nadharia tete na kupanga majaribio kuliko waliofanya utafiti peke yake.

"Semina elekezi ya siku moja inatosha"

Siku moja inatosha kueleza ratiba, kanuni na mahali zilipo funguo za maabara. Ufundi hauingii kwa kusikiliza. Chukua jambo dogo kama kusubiri jibu: Mary Budd Rowe aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuendelea. Akisubiri 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wengi zaidi hujitokeza kujibu. Unaweza kumwambia mkufunzi jambo hilo asubuhi, na mchana ukamkuta akijijibu mwenyewe. Lazima ajaribu mbele ya wenzake, aambiwe alipoharakisha, arudie tena wiki inayofuata.

Usahihishaji nao ni hivyohivyo. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walituma karatasi ileile ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi, na alama zikapishana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Kabla ya kugawana rundo la majibu, wakufunzi wakae pamoja, kila mmoja asahihishe karatasi tano zilezile, kisha wabishane juu ya mwongozo wa usahihishaji hadi waelewane. Ni saa mbili zenye manufaa kuliko hotuba yoyote ya ufunguzi.

"Fomu za wanafunzi zinatuambia nani anafundisha vizuri"

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu fomu hizo, ambazo wanafunzi hujaza kumtathmini mkufunzi, huamua nani ataongezewa mkataba. Katika utafiti mdogo wa Lillian MacNell na wenzake, wenye wanafunzi 43 wa kozi ya mtandaoni, wakufunzi wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, walibadilishana majina katika baadhi ya makundi. Kazi zote zilirudishwa kwa muda uleule. Hata hivyo, kwa kurudisha kazi mapema, aliyedhaniwa mwanamume alipewa 4.35 kati ya 5, aliyedhaniwa mwanamke 3.55. Na mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waliona kwamba wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani katika fizikia walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, huku wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri.

Sisemi fomu zitupwe. Mwanafunzi anajua kama mkufunzi hufika kwa wakati, kama sauti inasikika, kama maoni kwenye kazi yake yanasomeka. Aulizwe hayo, na aulizwe mapema. Yanayobaki yatazamwe na mtu anayekaa nyuma ya darasa mara mbili kwa muhula, na kazi kadhaa zilizosahihishwa zipitiwe upya.

Mkufunzi mmoja tuliyefanya naye kazi aligawa vikaratasi wiki ya tano: nini kinakusaidia, nini kinakukwamisha? Saba waliandika kitu kilekile, kwamba anaongea akiwa ameelekea ubaoni. Hakujua. Wiki ya sita aliandika kwanza, akaweka chaki chini, akawageukia, ndipo akaanza kueleza.