Msiniulize tena wa kweli ni yupi

Jumamosi iliyopita nilialikwa kuzungumza na walimu wa malezi hapa Tanga. Nikazungumza dakika 40. Nikaeleza disosiesheni, yaani akili kujitenga na kinachotokea, nikaeleza namna kumbukumbu zinavyofungiwa vyumba tofauti, nikaeleza kwamba mtoto anayekodolea ukuta macho katikati ya kipindi si lazima awe mvivu, huenda hayupo pale. Mwishoni, kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa kazi yangu, nikasema kwamba mimi mnasihi niliyesimama mbele yao naishi na nafsi nyingi tangu utotoni, yaani ndani yangu tuko wengi tunaopokezana mwili mmoja, na kwamba nilikuja kutambuliwa nikiwa na miaka 34.

Kimya. Kisha mwalimu mmoja, mtu mzima na heshima zake, akanyoosha mkono. "Pole sana, dada. Sasa hapa tunaongea na nani? Yaani, wewe wa kweli ni yupi?"

Ukumbi ukacheka kidogo. Nami nikacheka, maana soda zilikuwa zimeanza kugawiwa na sikutaka kuharibu shughuli ya watu. Lakini swali hilo nimeulizwa na shangazi, na daktari, na mchungaji, na fundi wa pepo, na hata fundi cherehani aliyeletewa na mteja huyohuyo vitambaa viwili visivyofanana. Nimechoka. Leo nalijibu kwa maandishi ili siku nyingine niwe natuma linki tu.

Ya haraka kwanza. Skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao watu hutuchanganya nao, siyo nafsi nyingi. Jina hilo alilitunga daktari wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki ya kupasua na akili, akiwa na maana kwamba fikra na hisia za mgonjwa zimeachana. Watu wakasikia "kupasuka", wakaona watu wawili ndani ya mwili mmoja, na mpaka leo wanawaona. Kosa hilo limenichoma kwelikweli, kwa sindano. Katika hospitali ambayo siitaji nilisema "nasikia sauti", kalamu ikaandika skizofrenia, na kwa miaka 6 nikapigwa sindano ya mwezi. Hakuna aliyeniuliza sauti ziko ndani ya kichwa au nje, zilianza nikiwa na umri gani, zinajuana au hazijuani. Sisi wa nafsi nyingi husikia sauti pia, tena sana. Mikono ikaanza kutetemeka, nikapewa artane ya kutuliza mtetemeko, mdomo ukakauka, na sauti zikabaki palepale ila zikawa zinaongea polepole. (Wenye skizofrenia sindano hiyo huwasaidia. Mtu asije akaacha dawa kwa kusoma blogu yangu.) Dawa ya nafsi nyingi zenyewe haipo. Zilizopo zinatibu usingizi, hofu na sonona inayoambatana nazo.

Hatuui watu. Filamu husema hivyo ili ziuze tiketi. Tunayemdhuru ni sisi wenyewe: mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unasema zaidi ya asilimia 70 ya wanaotibiwa hali hii bila kulazwa wamewahi kujaribu kujiua. Wala hatuko wachache kama mnavyodhani. Tafiti za kijamii za Marekani na Uturuki zilipata takriban mtu 1 hadi 1.5 katika kila 100. Haya, tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni kitenzi. "Nafsi yake imegawanyika." Ukishasema imegawanyika, umekubali kimyakimya kwamba kulikuwa na moja nzima, ikadondoka, ikavunjika, na sasa kazi ni kutafuta kipande kikubwa kuliko vyote na kukiita mwenye mali. Ndipo linapozaliwa swali la "wa kweli". Lakini mtoto hazaliwi na nafsi moja iliyokamilika. Mtazame wa miaka 2: sasa hivi anagaragara sakafuni kwa hasira, dakika 3 baadaye anacheka na kijiko, na yule wa mwanzo ni kama hajawahi kumwona. Kuwaunganisha hao wawili ni kazi ya miaka, na hufanywa na mikono ya watu wanaombeba, wanaomtuliza, wanaomwambia jana ulilia na leo ni wewe huyohuyo.

Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka. Wasiojua hudhani mkeka unasukwa mzima kama nguo inavyofumwa. Hapana. Unasuka ukili kwanza, utepe mwembamba wa miyaa, pima na pima, unaukunja na kuuweka pembeni. Huu mwekundu, huu wa zambarau, huu usiotiwa rangi. Kushona ndiko kunakuja baadaye, ukili kwa ukili, ubavu kwa ubavu. Sasa fikiria nyumba ambayo kila ukitaka kukaa kushona, moto unawaka. Kili zitasukwa, maana mtoto lazima aishi, lakini hazitashonwa. Ukiingia miaka 30 baadaye utakuta kili zimekunjwa pembeni, kila moja imekamilika kwa namna yake. Hakuna mkeka uliochanika hapo. Hebu nionyeshe ukili ambao ndio mkeka wa kweli.

Moto wenyewe kwa kawaida ni madhara yanayorudiwarudiwa, mapema sana, mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye mtoto huyohuyo anamtegemea kwa chakula. Asubuhi lazima umpende, usiku lazima umwogope. Kichwa cha miaka 4 hakiwezi kushika yote mawili, basi kinampa huyu asubuhi na yule usiku, na hawaonani. Yangu siyasimulii hapa. Ila mtu asiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Si kila mmoja wao atakuwa na nafsi nyingi. Wengi hawatakuwa nazo. Lakini moto upo.

Hili nalo lina uchungu wake. Mnayemwita wa kweli, huyu anayewasalimia vizuri, anayelipa kodi na kuandika blogu, ndiye anayejua machache kuliko wote. Ndiyo kazi aliyoundiwa. Darasa la tatu silikumbuki kabisa: mwalimu simjui, dawati silijui. Mwingine analikumbuka lote, hata harufu ya chaki. Kama ni kugombea umiliki wa maisha haya kwa ushahidi, mahakamani mimi nashindwa asubuhi na mapema.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba nafsi ni tatu: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nadhani mimi sikusikiliza, nikazidisha. Utani pembeni, sarufi imenisumbua kuliko nilivyotarajia. Nikisema "mimi" kuna anayenuna ndani. Nikisema "sisi" mbele ya daktari, anaandika kitu kwenye faili. Siku hizi nasema "mimi" ofisini na "sisi" nyumbani, na sijaona aliyekufa.

Mnadhani kupokezana kwetu ni kama kwenye sinema: macho yanageuka, sauti inakuwa nzito, paka anakimbia. Wengi wetu tumetumia maisha yote kuficha, kwa hiyo huoni kitu. Aliyenigundua ni mdogo wangu wa kike, na hakugundua kwa sauti. Aligundua kwa shikamoo. Tulikuwa tunapanda bajaji, nami nikamwamkia dereva "shikamoo". Kijana mwenyewe karibu ningeweza kumzaa. Kwa kuduwaa akaitikia "marahaba", kisha akamnong'oneza mdogo wangu kama nimelewa. Mdogo wangu akakumbuka kwamba wiki ileile nilimwamkia shikamoo yeye, mdogo wangu wa tumbo moja. Kwa huyo wa ndani mwenye miaka 6, kila mtu duniani ni mkubwa. Anaamkia kwa adabu zote alizofundishwa na bibi. Vitabu vinaorodhesha dalili nyingi. Hii sijaikuta kwenye hata kimoja, na huku kwetu ningeiweka ya kwanza.

Mfano wa pili ni kuhusu pweza. Nafungua friji nakuta kilo 2 za pweza, na mimi pweza sili. Ujumbe wa M-Pesa unasema nimelipa mwenyewe saa 4 asubuhi. Saa 4 hiyo kwangu haipo. Ilikuwa saa 3, halafu ikawa saa 7. Miaka mingi nilisema "nimesahau tu", maana mtu ambaye hupoteza saa hujifunza kuwa mwongo hodari kabla hajajua anadanganya nini.

Tuje kwa pepo, maana najua mnalisubiri. Bibi alinipeleka kilingeni kwa fundi wa pepo nikiwa na miaka 15. Ubani, ngoma, kitambaa cheupe. Katika lugha ya kilinge mgonjwa ni kiti: pepo hupanda kichwani, huketi na kusema, na kiti chenyewe hakiulizwi neno. Nakiri jambo ambalo wenzangu wa kazi hawatalipenda: yule fundi aliuliza maswali bora kuliko madaktari niliokutana nao baadaye. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Akasubiri jibu. Akajadiliana. Nilikaa miezi mitatu nikilala usingizi mzima. Kosa lake ni kwamba alidhani anaongea na mgeni kutoka baharini, kumbe alikuwa anaongea na mimi. Na hakuuliza ni nani mle nyumbani alinifanya nihitaji wasaidizi.

Waliofuata hawakujadiliana. Nimesomewa, nimeombewa, nimepitia kote, na kote neno lilikuwa moja: "Toka!" Sasa mpigie kelele mtoto wa miaka 6 atoke, na hana pa kutokea kwa sababu huu ndio mwili wake. Alijificha karibu mwaka mzima. Watu wakashukuru kwamba nimepona. Na ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote, kwa sababu aliyejificha ndiye pekee aliyejua kucheka.

Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inayatenganisha: anayehisi ametwaliwa na roho au nguvu ya nje ana fungu lake, mwenye nafsi nyingi ana lake, na ibada ya kimila isiyomdhuru mtu si ugonjwa kabisa. Kwenye karatasi mpaka huo umenyooka. Kwenye kichwa cha binti wa Tanga aliyelazwa kwa hadithi za majini haujanyooka hata kidogo, na ninapokaa na mteja mwenye pepo mpaka leo kuna siku siujui uko wapi.

Tiba niliyoipata baadaye ilikuwa ya kuchosha na haina ngoma. Usalama kwanza, kwa muda mrefu. Kumbukumbu baadaye, kidogokidogo. Kisha kujifunza kuishi. Daftari mezani, kila mmoja anaandika. Nilitoka kuwa kiti nikawa mwenyekiti, wa kikao ambacho wajumbe huondoka bila ruhusa na mmoja ananunua pweza.

Sasa mashaka yangu. Miaka ya 1980 na 1990 huko Marekani utambuzi huu ulifumuka ghafla. Waganga wa nafsi walitumia hipnosi, yaani kumtia mtu katika hali kama ya usingizi, wagonjwa wakatoka na kumbukumbu za mambo ambayo hayakuwahi kutokea, familia zikavunjika, kesi zikafunguliwa. Mwanasaikolojia Nicholas Spanos alidai kwamba nafsi hizi ni nafasi ambazo mtu hujifunza kuzicheza kwa sababu anayemtibu anazitarajia. Simcheki. Wangu walikuwa hawana majina mpaka mtu aliponiuliza "anaitwa nani?" Nikajibu, na tangu siku ile wamekuwa wagumu zaidi, wenye mipaka zaidi. Je, tuliwatambua au tuliwakamilisha? Sina hakika. Ndiyo maana wateja wangu siwapi majina, wala hipnosi siigusi. Upande wa pili, watafiti wa Uholanzi walipima ubongo wa watu kama mimi na kuulinganisha na wa watu walioagizwa kuigiza, na waigizaji hawakuweza kutoa picha ileile. Hilo hunipa nguvu mchana. Saa 9 usiku, ninapojiuliza kama nimejitungia yote haya, halinisaidii.

Mashaka mengine ni kuhusu kushonwa. Vitabu vingi huweka muungano wa nafsi kuwa kilele cha tiba. Mwaka juzi wawili wa ndani waliungana, bila kelele, wakati naosha vyombo. Kila mtu alinipongeza. Mimi nikalia wiki mbili kama mfiwa, maana kulikuwa na sauti moja iliyokuwa ikinitania kila asubuhi na sasa haipo. Au ipo, ila ni mimi. Waliobaki tumekubaliana kwamba hakuna haraka.

Mwalimu wangu wa Jumamosi, kama unasoma: siku ile uliongea na aliyekuwa amekuja kazini, na wengine wawili walikuwa wakisikiliza. Mmoja alitaka soda ya chungwa. Na mwanafunzi wako wa kidato cha pili, uliyenieleza baadaye mlangoni kwamba siku nyingine anakuamkia kana kwamba hajawahi kukuona, usimuulize yeye ni nani. Itikia "marahaba". Muulize kama amekula.