Kupima printa ya kasi yenye programu ya usimamizi: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Ofisi nyingi za Nairobi, kuanzia Upper Hill hadi Industrial Area, huipokea printa mpya kwa mtihani mmoja tu: ukurasa wa majaribio ukitoka safi, muuzaji anawekewa sahihi. Baada ya muda watu wanapanga foleni mbele ya mashine, na idara ya fedha inauliza mbona ripoti ya programu ya usimamizi, ile inayohesabu nani amechapa nini na kuachia kazi mtu anapogusa kadi kwenye mashine, haifanani na bili ya mkataba. Kinachotakiwa kupimwa ni safari nzima ya kazi, tangu mtu abofye kuprinti mpaka karatasi ya mwisho ilale kwenye trei na hesabu yake iingie kwenye ripoti. Dhana hizi ndizo hufanya safari hiyo ipimwe nusunusu.

Dhana: Imeandikwa kurasa 75 kwa dakika, basi itatoa 75

Hiyo ni kasi ya injini mashine ikishapata moto. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24734 hupima kwa mafaili ya Word, Excel na PDF, lakini hata hapo hakuna seva yenu, kadi zenu wala watu wenu sita wanaotuma kazi saa nne asubuhi.

Chukua rimu moja ya gramu 80 upime mara mbili. Kwanza, faili la ukurasa mmoja, nakala 150; kwa mashine ya 75 hiyo ni dakika mbili na sekunde chache za kuanza. Halafu mafaili 30 tofauti ya kurasa tano tano, yatumwe na watu sita kwa wakati mmoja kupitia programu. Karatasi ni zilezile 150. Ikiwa zoezi la kwanza limechukua dakika mbili na la pili tano, injini haina kosa. Muda unaliwa na seva, draiva, au kichakataji cha mashine kinachogeuza faili kuwa nukta za kuchapwa. Ili ujue ni nani, andika saa kwenye vituo vitano: kubofya, kazi kuonekana kwenye seva, kadi kuguswa, karatasi ya kwanza, karatasi ya mwisho. Fundi asiyeandika vituo hivi anakisia tu.

Karatasi iliyobaki itumie kwa pande mbili na kwa saizi ya A5. Karatasi finyu hupunguza mwendo wa mashine nyingi, kwa sababu ncha za fyuza (sehemu inayoyeyusha tona kwenye karatasi kwa joto) zisizoguswa na karatasi hupata moto kupita kiasi na mashine inabidi ingoje zipoe. Karatasi nzito nayo huenda polepole ili tona iwahi kuyeyuka. Hizo si hitilafu, na hazidaiwi kwa muuzaji.

Dhana: Ikiwa polepole, tatizo ni mtandao

Hesabu inakataa. Ukurasa wa A4 wa rangi nyeusi kwa nukta 600 kwa inchi una nukta kama milioni 35, yaani megabaiti 4.35 bila kubanwa. Kurasa 75 kwa dakika ni takriban megabiti 44 kwa sekunde, na kebo ya megabiti 100 inazibeba bila shida. Rangi nne zikiingia, mzigo huo unafika megabiti 174 kabla ya kubanwa. Hapo ndipo gigabiti ina maana.

Mtandao ukiwa na kosa kweli, mara nyingi ni mipangilio. Poti ya swichi ikifungwa kwa nguvu kwenye megabiti 100 za njia mbili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) huku printa ikiachwa ijichagulie, printa huitambua kasi lakini njia mbili haizitambui, kwa hiyo inaangukia njia moja. Faili dogo litapita, ila kubwa litakokota. Pande zote mbili ziachwe zijichagulie.

Lingine ni usingizi. Mashine nyingine hukata kiungo zinapolala, na swichi yenye ulinzi wa mizunguko wa kizamani huchukua sekunde 30 kabla ya kuruhusu data ipite. Anayetuma kazi ya kwanza asubuhi anaona kimya. Poti ya printa iwekwe kama poti ya ukingoni, kisha iache mashine ilale uijaribu tena.

Na Windows ikidai printa haipo mtandaoni ilhali inachapa, angalia hali ya SNMP (lugha ambayo kompyuta huitumia kuuliza mashine hali yake) kwenye mipangilio ya poti ya TCP/IP. Printa isipojibu swali hilo, kompyuta huihesabu kuwa imezimwa.

Dhana: Programu ikisema kurasa 100, zimetoka 100

Hapa ndipo pesa hupotea. PaperCut na programu za aina yake husoma faili kazi inapopita kwenye seva na kuhesabu kurasa humo. Kaunta ya mashine huhesabu kilichopita kwenye injini. Hesabu hizi mbili hazina sababu ya kulingana mpaka uzilinganishe.

Chapa ukurasa wa hali ya mashine unaoonyesha kaunta. Tuma kazi ya kurasa 100, kisha uighairi kwenye skrini ya mashine ikifika kama ukurasa wa 40. Tuma nyingine, ufungue mlango wa mbele katikati ili karatasi zikwame. Ya tatu itume trei ikiwa na karatasi 20 tu. Chapa tena ukurasa wa hali na uilinganishe na ripoti. Programu ikiwa imemtoza mtumiaji 100 kwa kazi ya 40, washa kipengele cha kuhakiki kwa kaunta ya mashine kupitia SNMP, urudie zoezi lote.

Jaribu pia waraka wa kurasa 7 pande mbili: ni karatasi nne, na ujue mapema kama mkataba unatoza 7 au 8. Barua nyeusi yenye kiungo kimoja cha buluu huhesabiwa kuwa ya rangi. Hilo si kosa la programu, ila bili itawashtua.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Mtu anayeijua anwani ya IP ya mashine anaweza kutuma kazi moja kwa moja kwenye poti 9100, mlango wa kimtandao ambao printa hupokelea kazi, na programu isijue lolote. Jaribu mwenyewe kutoka kompyuta ya kawaida. Kazi ikitoka, funga 9100, 515 na 631 kwa kila anwani isipokuwa ya seva. Kabla ya kuzifunga, ripoti zote ni pambo.

Dhana: Kadi za mlangoni zitafanya kazi tu

Labda. Kadi za kilohezi 125 hazisomwi na kisomaji cha megahezi 13.56 kwenye printa. Hata zikisomwa, visomaji vingine hutoa namba ya kadi kwa mpangilio wa baiti uliogeuzwa, na mfumo unasema hamjui mwenye kadi. Chukua kadi kumi za wafanyakazi halisi, za zamani na mpya, uziguse zote kwenye kisomaji.

Dhana: Mashine iliyopangwa vizuri Mombasa itafanya vilevile Nairobi

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Dramu, silinda inayobeba picha ya ukurasa, hupewa chaji kwa umeme unaoruka kwenye hewa, na hewa ikiwa nyepesi mruko huo hubadilika. Ndiyo maana printa nyingi za leza zina kipengele cha mwinuko kwenye menyu, na ndiyo maana kinasahauliwa: hakuna anayekitafuta. Madoadoa au ukungu wa kijivu kwenye karatasi nyeupe hulaumiwa tona, inabadilishwa, na ukungu unabaki. Chapa ukurasa mtupu, ukurasa mweusi mzima na mmoja wa kijivu cha asilimia 50. Weka mwinuko ulio karibu zaidi na mita 1,800. Chapa tena uweke karatasi kando kwa kando.

Dhana: UPS italinda kila kitu

Fyuza hufyonza umeme mwingi kwa mikupuo, na UPS ndogo ya ofisi huzidiwa. Seva na swichi ndizo zikae kwenye UPS. Printa ipewe soketi yake yenye kinga ya mkupuo. Stima ikipotea, kazi zinazongoja kwenye seva zitabaki. Iliyokwisha kuingia kwenye mashine inaweza kupotea huku ripoti ikisema imechapwa. Zoezi la kuchomoa plagi lifanye mara moja tu, mwisho kabisa, kwa sababu fyuza huachwa ya moto bila feni.

Majaribio yote yatumie nyaraka za kubuni. Programu huhifadhi jina la mtumiaji na jina la faili, na faili liitwalo "onyo la mwisho" pamoja na jina la mfanyakazi ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kabla mashine ya majaribio haijarudi kwa muuzaji, futa diski yake.