Wanjiku watano familia moja

Watu husema eti Wakikuyu wameishiwa na majina, ndio maana ukienda ushago, yaani kijijini, unapata binamu watano wote ni Wanjiku. Hapana jamani, si hivyo. Msichana wa kwanza anapewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, wavulana nao wanachukua ya maguka, yaani mababu, vilevile, wakiisha hao ndio mnaingia kwa ndugu za baba na mama, sasa kama shosho (nyanya) Wanjiku ana vijana wa kiume watano na kila mmoja amepata binti, hesabu mwenyewe! Na jina linakuja na heshima yake, mi nimeona mzee akimwita bintiye wa miaka 3 "maitu", yaani mama yangu, akimwomba polepole amletee viatu.