Njia inayokatiza shamba la mtu: mambo ya kujua kabla ya kutembea Edale

Ukishuka treni Edale, kijiji cha bondeni huko Derbyshire, kati ya Sheffield na Manchester, hutatembea sana kabla ya kukutana na geti la mbao. Ndani ni malisho. Kondoo wamelala, na nyumba ya mkulima ipo karibu kiasi kwamba mbwa wake amekwisha kukuona. Kwenye nguzo ya geti kuna mshale wa njano. Hapo ndipo wenzetu wengi hugeuza. Tumelelewa kwamba huingii kwenye shamba la mtu bila kupiga hodi, na anayekatiza kimyakimya ana lake jambo. Ni adabu njema, lakini kwenye geti lile haidaiwi, na kati ya maswali ambayo sisi wa kazi ya njia za umma huulizwa na wasemaji wa Kiswahili wanaoishi England, hili ndilo ninalopenda kulijibu kwa kirefu.

Mshale wa njano unakuambia kwamba hapo pana barabara. Haionekani, pengine ni majani yaliyolala tu, ila kisheria haki yako ya kupita hapo ina nguvu ileile ya haki ya kupita kwenye lami mbele ya stesheni. Ardhi ni ya mkulima, kupita ni kwa umma. Hawezi kukutoza kitu wala kukufungia njia. Akilima shamba ambalo njia inapita katikati, kwa kawaida ana siku 14 za kuirudisha ionekane, yenye upana wa angalau mita 1. Njia ya miguu inayofuata ukingo wa shamba haruhusiwi kuilima kabisa. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma za aina mbalimbali. Scotland ina sheria zake, nazo ni pana zaidi.

Njia hizi hazikuanzishwa kwa ajili ya matembezi ya Jumapili. Tazama ile inayopanda kutoka Edale hadi Hollins Cross, kwenye mgongo wa kilima upande wa kusini, kisha ikashuka Castleton. Kabla Edale haijapata kanisa lake katika karne ya 17, maiti walibebwa kwa njia hiyo wakazikwe Castleton. Hebu fikiria kubeba jeneza mabegani kwenye mteremko ule wakati wa theluji. Mwishoni mwa karne ya 18 kikajengwa kiwanda cha pamba bondeni Edale, na wafanyakazi kutoka Castleton wakawa wanavuka kilima hichohicho kwenda kazini na kurudi. Upande wa magharibi, kwenye mteremko uitwao Jacob's Ladder, misafara ya farasi wa mizigo ilikuwa ikipanda kuelekea Hayfield, na daraja lao jembamba la mawe bado lipo pale chini. Miguu ya watu hao ndiyo iliyoitengeneza haki tunayoitumia leo. Hadi sasa, njia ikitumiwa na umma miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, sheria huchukulia kwamba mwenye ardhi ameitoa iwe ya umma, isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na nia hiyo.

Juu ya kijiji, upande wa kaskazini, kuna Kinder Scout, uwanda wa juu wenye mita 636 kutoka usawa wa bahari. Kule historia ilikuwa chungu. Mlima ulikuwa umefungwa ili matajiri wawinde ndege wa jamii ya kwale, na vibarua wa Manchester na Sheffield waliokuwa wakivuta moshi wa viwandani wiki nzima waliuona kwa mbali tu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia yao walipanda kutoka upande wa Hayfield bila ruhusa, wakakabiliana na walinzi. Vijana watano walifungwa jela, akiwemo Benny Rothman, aliyekuwa na miaka 20. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuzitaka halmashauri kuchora ramani rasmi za njia za umma. Eneo hili la Peak District likawa hifadhi ya kwanza mwaka 1951. Njia ya Pennine Way, inayoanzia Edale na kwenda zaidi ya kilomita 400 hadi Kirk Yetholm huko Scotland, ilifunguliwa rasmi tarehe 24 Aprili 1965, miaka 33 kamili baada ya siku ile. Sheria ya mwaka 2000 ikaongeza haki ya kutembea huru kwenye nyika za juu kama Kinder.

Kwa hiyo shika tofauti hii. Bondeni, kwenye mashamba, haki yako ni ya mstari wa njia. Fuata mstari, usitangetange. Juu nyikani, penye ardhi iliyofunguliwa kwa umma, unaweza kuacha njia. Ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ya skeli ya 1:25,000, yenye jalada la rangi ya machungwa, inaonyesha yote mawili: vistari vya kijani ni njia za umma, na ardhi huru imepakwa manjano hafifu. Vistari vyeusi ni vijia vilivyopo ardhini, lakini havithibitishi haki. Kwenye nguzo, mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu peke yao. Wa bluu unawaruhusu pia wapanda farasi na wenye baiskeli.

Geti liache ulivyolikuta. Mkulima akiliacha wazi makusudi, huenda ni ili mifugo yake ifikie maji.

Sasa ng'ombe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wengi humwogopa fahali, lakini sheria tayari inakataza mafahali wa ng'ombe wa maziwa wenye zaidi ya miezi 10 kuachwa huru kwenye uwanja unaopitiwa na njia ya umma. Mwenye hatari zaidi ni mama mwenye ndama, hasa ukiwa na mbwa. Usipite kamwe kati ya mama na ndama. Zunguka kwa mbali, hata ikibidi kuacha mstari wa njia, kisha urudi. Wakikufuata mbio, mwachie mbwa kamba. Yeye atawashinda mbio, na wanayemtaka ni yeye.

Kinder ina tabia ya kufunikwa na ukungu ghafla, na udongo wake wa mboji hauna alama za kukuongoza. Beba dira na filimbi, na uwe umejifunza kutumia dira nyumbani. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, jambo linalowashtua sana wageni waliozoea machweo ya saa kumi na mbili. Ukiumia, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Simu isiposhika mtandao, puliza filimbi mara sita, pumzika dakika moja, kisha rudia.

Ukikuta njia ya umma imezibwa kwa seng'enge au imezamishwa na mahindi, usigombane na mtu. Piga picha, andika namba za gridi za mahali hapo kutoka kwenye ramani, na uipelekee halmashauri ya kaunti, ambayo kwa Edale ni ya Derbyshire. Kuhakikisha njia inapitika ni wajibu wao wa kisheria, na taarifa ya mgeni aliyekuja kwa treni asubuhi ina uzito uleule wa taarifa ya mzaliwa wa kijiji.