Je, wajua ni nani huwachagulia nyuki mzinga mpya?

Mkazi wa Tabora ameshaliona jambo hili. Mchana wa jua kali kundi la nyuki linatua kwenye tawi la mwembe, linajikusanya na kuning'inia kama kibuyu kinachopumua. Watoto wanaitwa ndani, mbuzi wanafunguliwa kamba haraka. Kesho yake au keshokutwa, nyuki wote wananyanyuka kwa pamoja na kushika njia moja hadi kwenye mzinga wa gome uliotundikwa porini, ambao wengi wao hawajawahi kuuona.

Nani kawaambia? Wengi tutamtaja malkia. Lakini malkia hachagui chochote. Yumo katikati ya rundo, amefunikwa na maelfu ya watoto wake, akingoja kuchukuliwa.

Mwaka 1949, mjini Munich, Ujerumani, mtafiti Martin Lindauer aliwaona nyuki wakicheza juu ya kundi lililoning'inia. Mwalimu wake, Karl von Frisch, alikuwa ameshaifumbua ngoma hiyo: nyuki hutikisa tumbo akisonga mbele, mwelekeo wake ukionyesha upande wa kwenda kwa kulinganisha na jua, na muda wa mtikiso ukionyesha umbali. Kwa kawaida huelekezana chakula. Ila wachezaji wa Lindauer hawakubeba chavua. Walikuwa wachafu: mmoja mweusi kwa masizi, mwingine mwekundu kwa vumbi la matofali. Mji ulikuwa bado na magofu ya vita, na nyuki hao walitoka kukagua nyumba kwenye mabomba ya moshi na nyufa za kuta.

Wapelelezi hawa ni mia kadhaa tu katika kundi la nyuki kama 10,000. Aliyepata shimo zuri hucheza mizunguko mingi, aliyepata la wastani hucheza michache. Wanaomtazama huenda kujionea wenyewe, na wakiridhika nao hurudi kucheza. Shimo zuri huvuta wengi, na wengi huvuta wengine zaidi. Huu ndio mrejesho chanya.

Ungekuwepo huo peke yake, kundi lingeweza kukimbilia shimo bovu kwa kuwa tu lilitangazwa mapema. Kinachonistaajabisha ni dawa yake. Thomas Seeley wa Marekani aligundua kwamba kila mpelelezi, hata aliyeona pahala pazuri kupita pote, hupunguza mizunguko kila arudipo, na mwishowe hunyamaza. Hakuna anayeng'ang'ania. Habari ya shimo dhaifu hufa upesi kwa kukosa wa kuipokea. Ya shimo zuri hudumu, maana wapya huipokea kabla haijazimika. Tena mwaka 2012 Seeley na wenzake walieleza jinsi wapelelezi wa shimo moja wanavyowagonga kwa kichwa wachezaji wa shimo jingine, wakitoa mlio mfupi, ili waache kucheza.

Wengi wao hukagua shimo moja tu, hivyo hahitajiki nyuki wa kuyalinganisha yote. Hata hivyo, katika majaribio ya Seeley kwenye kisiwa kimoja cha jimbo la Maine, Marekani, palipowekwa masanduku matano na moja likiwa bora, makundi yalilichagua lile bora mara 4 kati ya 5. Wataalamu wa mifumo changamani, yaani mifumo ya sehemu nyingi zinazoathiriana, husema uamuzi wa namna hii "umeibuka": umezaliwa na mashauriano madogo ya jirani na jirani, na ukimpasua nyuki mmoja mmoja hutaukuta ndani yake. Bei ya asali sokoni nayo hupatikana hivyo hivyo.

Kura zenyewe hazihesabiwi kwenye tawi. Zinahesabiwa shimoni: wapelelezi 20 au 30 wakikutana hapo kwa wakati mmoja, idadi ya kutosha kuamua imefikiwa. Wanarudi wakitoa mlio mkali, kundi linapasha moto misuli ya mabawa hadi nyuzi joto 35, kisha linaruka.

Basi ukiwa Sikonge na mzinga wako mtupu uliopakwa nta, litazame tundu la kuingilia. Nyuki wawili watatu wanaochungulia bado wanakagua. Wakianza kusongamana mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyebeba chavua, teremka mtini.