Nchi Ikishushwa Daraja: Nani Hulipa, na Kwa Nini Jirani Naye Hutozwa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati la malipo ya nje siku hizi yanafanana. Mwagizaji anaeleza kuwa benki imepandisha gharama ya LC (hati ambayo benki huahidi kumlipa msambazaji wa nje) ingawa hajawahi kuchelewa kulipa. Msambazaji wa nje aliyekuwa akimpa siku 90 sasa anataka fedha kabla mzigo haujapakiwa. Bima nayo imepanda, na vita viko nchi nyingine kabisa. Wapo wanaoamini ni njama, na wapo wanaodhani waziri akikanusha kwa sauti kubwa zaidi mambo yatarudi yalivyokuwa. Makala hii inaeleza kinachotokea. Si ushauri wa uwekezaji, wala si maoni juu ya serikali yoyote.

Hadhi ya nchi au ukanda katika uchumi wa dunia imeandikwa kwenye nyaraka chache: daraja la ukopeshekaji, mkataba wa hatifungani (hati ambazo nchi huwauzia wawekezaji ili kukopa), orodha ya maeneo hatari ya kampuni za bima, na ukomo wa fedha ambazo kila benki kubwa iko tayari kuhatarisha katika kila nchi. Mgogoro ukitokea, hizo ndizo hubadilika. Habari za televisheni huja na kupita. Nyaraka hizi hubaki hadi mtu mwenye mamlaka azipitie upya.

Tuanze na daraja, kwa kuwa ndilo linalopotoshwa zaidi. Mashirika ya S&P na Fitch, yanayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, hupanga nchi kuanzia AAA hadi D; Moody's hutumia Aaa hadi C. Mstari wa kukumbuka ni BBB- (kwa Moody's, Baa3). Kuanzia hapo kwenda juu ni daraja la uwekezaji, chini yake ni daraja la kubahatisha. Mifuko mingi ya pensheni imekatazwa na kanuni zake yenyewe kushika hatifungani zilizo chini ya mstari huo. Kwa hiyo nchi ikishuka hatua moja tu kutoka BBB- kwenda BB+, wapo wanaolazimika kuuza hata kama wanaipenda nchi hiyo. Kampuni na benki za ndani pia ni nadra kupewa daraja linaloizidi serikali yao, ndiyo maana benki isiyo na kosa hushuka pamoja nayo.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, shirika hutangaza kalenda mwishoni mwa Desemba kwa miezi 12 inayofuata, hupitia kila nchi angalau mara moja kwa miezi 6, huipa serikali husika taarifa kabla ya kuchapisha ili irekebishe makosa ya takwimu, kisha huchapisha Ijumaa baada ya masoko kufungwa. Likitoka nje ya kalenda, lazima lieleze sababu. Swali la kwa nini nchi isivunje mkataba na mashirika haya limeulizwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Mkataba unaweza kuvunjwa. Shirika linaweza kuendelea kuitathmini nchi bila kuombwa, kwa kutumia takwimu za hadharani, na safari hii bila maelezo ya wizara ya fedha.

Kosa jingine ni kudhani kwamba maandamano au uchaguzi wenye vurugu hushusha daraja moja kwa moja. Tazama Kenya mwaka 2024. Muswada wa Fedha uliondolewa tarehe 26 Juni, na tarehe 8 Julai Moody's ikaishusha nchi kutoka B3 hadi Caa1. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya mapato: serikali iliyoshindwa kuongeza kodi ina uwezo mdogo wa kupunguza nakisi na mzigo wa deni. Siasa huingia kwenye daraja kupitia bajeti. Nchi yenye kelele nyingi na mapato ya uhakika inaweza kubaki pale pale. Yenye utulivu wa kimya na hazina tupu haitabaki.

Kushuka ni kwa haraka, kupanda ni kwa miaka. Korea Kusini ilikuwa AA- kwa S&P mnamo Oktoba 1997, na kabla ya Krismasi ilikuwa B+. Ilipata mkopo wa IMF, wananchi wakachanga zaidi ya tani 200 za dhahabu, na deni la IMF likamalizwa kulipwa Agosti 2001, kabla ya muda. AA- ilirudi Septemba 2015. Ugiriki ilipoteza daraja la uwekezaji la S&P Aprili 2010 ikalipata tena Oktoba 2023; katikati ya kipindi hicho, mwaka 2013, kampuni ya fahirisi ya MSCI iliiondoa kwenye kundi la masoko yaliyoendelea na kuiweka kwenye masoko yanayoibukia.

Korea haikuanzisha mgogoro ule. Ulianzia Thailand, ilipoacha kuilinda sarafu yake, bahti, tarehe 2 Julai 1997, ukapita Ufilipino, Malaysia na Indonesia. Jirani huumia kwa njia tatu. Ya kwanza: meneja wa mfuko anayedaiwa fedha na wateja wake huuza kile kinachouzika, na mara nyingi kinachouzika ni hatifungani ya nchi jirani iliyo salama. Ya pili: benki za kimataifa huweka ukomo wa nchi na juu yake ukomo wa ukanda, na ukomo wa ukanda ukipunguzwa, kila nchi iliyomo hupunguziwa. Ya tatu: sarafu ya jirani ikiporomoka, bidhaa zake zinakuwa rahisi kuliko zako katika soko lile lile, na wewe unalazimika kuchagua kati ya kupoteza wateja au kushusha thamani ya sarafu yako. Kusema "sisi si wao" hakuzuii hata njia moja kati ya hizo.

Sasa hatifungani, mahali ambapo wananchi hutoa ushauri mwepesi: tusilipe. Utaratibu uko hivi. Siku ya kuponi, yaani malipo ya riba, ikipita bila malipo, mikataba mingi hutoa siku 30 za neema. Zambia ilitakiwa kulipa dola milioni 42.5 tarehe 14 Oktoba 2020. Siku za neema zikaisha 13 Novemba, ikahesabiwa imeshindwa kulipa. Kuanzia hapo wenye angalau asilimia 25 ya hatifungani hiyo kwa kawaida wanaweza kudai kiasi chote kilichokopwa kilipwe mara moja. Kifungu cha kushindwa kwa pamoja kinaweza kuziingiza hatifungani nyingine ambazo hazijachelewa hata siku moja. Kisha zinafuata hatua ambazo haziwezi kurukwa: nchi inaajiri washauri wa fedha na wa sheria, IMF inachambua uhimilivu wa deni, serikali zinazodai zinaunda kamati na kutoa uhakikisho wa ufadhili, bodi ya IMF inaidhinisha programu, kamati inakubaliana masharti, mwisho wenye hatifungani wanapewa ofa isiyo bora kuliko ya serikali hizo. Zambia iliomba Mfumo wa Pamoja wa G20, utaratibu wa kundi la mataifa makubwa kiuchumi wa kupanga upya madeni ya nchi maskini, mwanzoni mwa 2021, ikaidhinishiwa programu ya IMF Agosti 2022, ikakubaliana na wadai rasmi Juni 2023, na kubadilisha hatifungani zake Juni 2024. Zaidi ya miaka mitatu na nusu, na hiyo ni nchi iliyoshirikiana.

Argentina ilijaribu njia ya ukali. Ilisitisha malipo Desemba 2001 na kutoa ofa mwaka 2005 na 2010. Takriban asilimia 93 ya deni ikabadilishwa. Asilimia chache zilizobaki zikaenda mahakamani New York, kwa sababu mkataba ulitawaliwa na sheria ya huko. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, ARA Libertad, ilizuiwa katika bandari ya Tema, Ghana, kwa ombi la mfuko mmoja wa uwekezaji uliokuwa ukidai. Iliachiwa Desemba baada ya amri ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Lakini mahakama za Marekani ziliamua kwamba wadai wakaidi walioikataa ofa wasipolipwa, waliokubali nao wasilipwe, na Julai 2014 nchi ikashindwa kulipa kwa mara nyingine. Suluhu ilipatikana 2016. Mikataba mipya ina kifungu kinachowabana wachache iwapo wengi, kwa kawaida asilimia 75, wamekubali. Kabla ya kushauri nchi igome, soma mkataba una kifungu gani na unatawaliwa na sheria ya wapi.

Bima ni somo fupi lakini ndilo linalofika sokoni haraka. London kuna Kamati ya Pamoja ya Vita, inayotunza orodha ya maeneo hatari ya bahari. Desemba 2023 ilipanua eneo la Bahari ya Shamu kutokana na mashambulizi dhidi ya meli. Mwenye meli anayeingia eneo hilo hutoa taarifa mapema, hupewa bei ambayo kwa kawaida hudumu saa 24 au 48, na kinga hukaa siku 7. Ada ilipanda kutoka chini ya asilimia 0.1 ya thamani ya meli hadi kukaribia asilimia 1. Kwa meli ya dola milioni 100, hiyo ni karibu dola milioni moja kwa kupita mara moja. Wengi wakazungukia Rasi ya Tumaini Jema, siku 10 hadi 14 zaidi. Misri, isiyopigana vita hivyo, iliona mapato ya Mfereji wa Suez yakishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi takriban bilioni 4 mwaka 2024.

Turudi kwa mwagizaji. LC ina benki mbili: inayotoa, ya kwako, na ya nje inayoithibitisha, yaani inayoahidi kulipa hata ya kwako ikishindwa. Nchi ikishushwa daraja, benki ya nje ama hupandisha ada ya uthibitisho, ama hufupisha muda, ama hudai benki yako iweke amana ya asilimia 100 kwanza. Amana hiyo ndiyo unayoombwa wewe. Kwa LC ya dola 500,000, ada ikitoka asilimia 1 hadi 4, ni dola 15,000 zaidi, na bei ya rejareja itazibeba. Muulize msambazaji kama yuko tayari kukubali LC isiyothibitishwa, au kubadilisha kwenda ukusanyaji wa malipo kwa nyaraka, ambapo benki hukabidhi nyaraka za mzigo bila yenyewe kuahidi kulipa. Uliza pia kama benki yako ina benki nyingine ya nje ambayo ukomo wake haujajaa. Gawa oda kubwa katika awamu ili amana isikae yote kwa wakati mmoja.

Anayetaka kulalamika, alete nukuu ya ada ya zamani na mpya, tarehe ya ombi la LC, jina la benki inayothibitisha, na barua ya benki yake ikieleza sababu ya mabadiliko. Ada iliyopandishwa na benki ya nje haina mdhibiti wa ndani anayeweza kuishusha. Iliyoongezwa juu yake na benki ya ndani bila maelezo inahojiwa, na hilo halianzi bila karatasi hizo nne.